Wahitimu Tisini na Tisa wa Mtope

Habari hii ni ya nchi iitwayo Hitimu. Anayeiandika hakufika huko. Aliyefika ni Siwema Mkude wa Morogoro, mama mtu mzima ambaye hana tabia ya kutia chumvi, na yote yaliyomo humu yametoka kinywani mwake. Namna alivyosafiri tuiache, maana kila msafiri hudhani njia yake ndiyo iliyokuwa na mashimo kuliko zote. Alitoka nyumbani, akafika, na alipofika akazuiwa langoni.

Hakuzuiwa kwa ubaya. Askari wa lango alimsalimia vizuri, akampokea mzigo, kisha akamwonyesha nyumba ndefu ya mbao iliyojengwa kando ya njia. Kwa sheria za Hitimu hakuna mtu anayefanya jambo lolote kabla hajahitimu somo lake. Anayetaka kuoa ana somo lake, anayetaka kufuga bata ana lake, na anayetaka kuingia nchini ana somo la kuingia, lenye vyumba saba. Siwema akaambiwa aanze na chumba cha kwanza.

Ukutani paliandikwa kwa herufi kubwa: KARIBU HITIMU. MWISHO WA SOMO HILI UTAELEWA UMUHIMU WA KUINGIA. Chini ya maandishi alikaa bwana mmoja mwenye sauti nzito, akiyasoma maneno hayo hayo, neno kwa neno, bila haraka. Siwema alikuwa ameshamaliza kuyasoma kabla yule bwana hajafika kwenye "utaelewa". Akaenda mlangoni, akasukuma. Mlango haukufunguka.

"Nimeshasoma, kaka," alisema.

"Najua, dada. Lakini mimi sijamaliza."

Vyumba vingine vilikuwa vivyo hivyo, au zaidi. Katika chumba cha nne maneno yalishushwa kutoka darini kwa nyuzi, herufi moja moja, kila moja ikizunguka mara tatu kabla ya kutulia, na Siwema alisimama pale mpaka shingo ikamuuma ndipo neno TARATIBU likakamilika. Chumba cha sita kilikuwa na kichwa kisemacho "Usalama wa Majiko ya Gesi", na jiko halikuwemo. Alipouliza akaambiwa kwamba nyumba ile ilinakiliwa kutoka nyumba nyingine, na aliyeinakili alisahau kubadilisha chumba cha sita. Hiyo ni miaka kumi na moja iliyopita, na watu wameshazoea.

Chumba cha saba kilikuwa cha mtihani. Swali lilikuwa moja: mgeni anapoingia Hitimu anatakiwa kufanya nini? Jibu la kwanza lilikuwa kutukana watu. La pili, kuchoma mashamba. La tatu, kuwa na heshima na kufuata sheria, kanuni na maelekezo yote kama yalivyotolewa na mamlaka husika. La nne, yote yaliyotajwa hapo juu. Siwema akagusa la tatu kwa kuwa lilikuwa refu kuliko mengine, kengele ikalia, mlango wa kijani ukafunguka, na akakabidhiwa cheti chenye jina lake. Alipotoka nje alikuwa hajui choo kiko wapi wala maji ya kunywa yanauzwa wapi, lakini alikuwa mhitimu.

Sasa, mambo haya hayakumshangaza Siwema kama ambavyo yangekushangaza wewe. Kwao Morogoro kazi yake ni kutengeneza masomo ya kompyuta kwa ajili ya wahudumu wa afya, yale ambayo mtu hukaa peke yake mbele ya skrini akabonyeza, akasoma, akabonyeza tena. Kile ambacho kwetu hukaa ndani ya skrini, Hitimu hukijenga kwa mbao, turubai na kamba. Ukurasa ni chumba. Pale ambapo sisi tunaelekeza kwamba ukibonyeza hapa kitu fulani kitokee, wao hufunga kamba: ukivuta hii, pazia lile linapanda. Siwema aliona makosa ya ile nyumba ya langoni kwa mtupo mmoja wa jicho, na kosa lake yeye ni kwamba aliyasema kwa sauti. Ndani ya saa moja aliitwa kwenye Ofisi ya Kuhitimisha.

Mkurugenzi wa ofisi hiyo, Bwana Kachenje, alikuwa mtu mpole mwenye miwani, wa kusogeza kiti mwenyewe kwa ajili ya mgeni. Alimweleza Siwema kwamba nchi ina sheria kuhusu watu wa ufundi wake. Fundi wa masomo akiingia Hitimu haondoki kabla hajaacha somo moja lililohitimishwa na watu mia moja.

"Mia moja wote?" Siwema aliuliza.

"Wote. Tisini na tisa si mia, Bi Siwema."

"Na lango la kutokea linafunguliwa lini?"

"Mara moja kwa mwezi. Bado wiki tatu. Ukiwahi, unakwenda zako kwa heshima. Ukichelewa, tutakuwa nawe mwezi mwingine."

Binti wa Siwema, Mwasiti, alikuwa na mimba ya miezi minane, mimba ya kwanza, na mama yake alikuwa amemwahidi kwa mdomo wake kwamba siku ya uchungu atakuwa amekaa kando ya kitanda. Alipiga mahesabu mara mbili kwa vidole chini ya meza. Wiki tatu zingemfikisha nyumbani kwa wakati, mwezi na wiki tatu usingemfikisha. Akauliza apewe somo gani.

Akapewa la Mtope. Mtope ni bonde ambalo maji yake hayakuwa salama, na vitongoji vyake mia kila kimoja kina mtunza maji wake. Serikali ilikuwa imepeleka dawa ya kutia majini, na watunza maji wote mia walikuwa wameshahitimu somo la dawa hiyo, lakini watu waliendelea kuharisha. Bwana Kachenje hakulitaja hilo la kuharisha mpaka alipoulizwa. Kilichomsumbua yeye ni kwamba somo lilikuwa na umri wa miaka mitano, na kwa kanuni somo la miaka mitano hujengwa upya.

Fundi aliyepewa Siwema wa kumsaidia aliitwa Sengondo, mwanamume wa makamo, hodari wa nyundo na mwenye maneno mengi. Sengondo ndiye aliyempeleka kwenye mtaa ambako nyumba za somo hilo zilisimama. Zilikuwa nne kwa mstari. Ya kwanza ilikuwa na kibao kilichoandikwa "Dawa ya Maji Mwisho". Ya pili, "Dawa ya Maji Mwisho Kabisa". Ya tatu, "Mwisho Kabisa Mpya". Ya nne, "Mwisho Kabisa Mpya Hii Ndiyo".

"Watu wa Mtope walisoma kwenye ipi?" Siwema aliuliza.

"Iliyokuwa na kivuli," alisema Sengondo.

Kabla ya kazi kuanza ilibidi wapate kibali cha Baraza la Wajenzi, na Siwema alikaa siku mbili kwenye kikao hicho akiandika alichosikia. Baraza lilikuwa katika mwaka wa tatu wa mjadala kuhusu mlango wa mwisho wa kila somo, kama uendelee kuwa wa kijani au upakwe samawati. Mjumbe mmoja alisema kijani kinampa mhitimu matumaini. Mwingine akasema samawati inampa utulivu, na matumaini bila utulivu ni hatari. Wa tatu aliomba suala lirudishwe kwenye kamati ili itafsiriwe kwanza kijani ni nini. Siwema akanyoosha mkono akauliza kama kuna mtu amewahi kwenda kuwaangalia wahitimu wakifanya ile kazi waliyohitimu. Mwenyekiti akasema swali hilo ni zuri mno, hivyo litaundiwa kamati, na wajumbe wa kamati watajengewa somo la namna ya kuwa wajumbe. Kibali kikatolewa jioni ya siku ya pili, wakati wajumbe wengi wameshakwenda kula.

Siku ya kwanza ya kazi Siwema hakugusa ubao hata mmoja. Alikaa sakafuni na karatasi na penseli, akachora vyumba, akavifuta, akavichora tena. Sengondo alizunguka naye mpaka akachoka. Kwa kawaida yake, kazi ilianza kwa kuchagua rangi ya milango, na ukimya wa nyundo ulimtia wasiwasi.

"Bi Siwema, siku zinakwenda."

"Niambie kwanza, Sengondo. Mtunza maji akitoka humu, mikono yake inatakiwa iweze kufanya nini?"

Sengondo alifikiri. "Kuelewa umuhimu wa dawa ya maji."

"Mikono, nimesema."

Ilimchukua Sengondo mpaka saa ya chakula kulijibu. Alisema basi labda mikono ichuje maji, ipime dawa, isubiri nusu saa kabla ya kuwapa watu wanywe. Siwema akayaandika hayo matatu juu ya karatasi na kusema chochote kisichosaidia hayo hakitaingia ndani ya nyumba. Hivyo ndivyo historia ya dawa ilivyoachwa nje, pamoja na picha ya Mkurugenzi, herufi za kuzunguka na wimbo.

Kwenye kamba waligombana kidogo. Sengondo alizoea kuzifunga bila kuzipa majina. Alizihesabu tu, kamba ya kwanza, ya pili, mpaka ya mia mbili na kumi na nne, na siku moja alipovuta mojawapo kuijaribu, dirisha lilianguka vyumba vitatu mbele na kumkosa Siwema kwa shubiri. Tangu hapo kila kamba ilifungwa kipande cha kitambaa kilichoandikwa inafanya nini: hii inafungua mlango wa pili, hii inapiga kengele ya kosa. Sengondo alinung'unika kwamba anafundishwa kazi uzeeni. Wiki ya pili alionekana akizunguka nyumba zake za zamani na rundo la vitambaa mkononi.

Milango Siwema aliiacha bila kufuli, ili anayejua asonge mbele, na mwenye mtoto wa kumnyonyesha atoke, arudi, aendelee pale alipoachia. Msomaji wa ukuta alimbakiza mmoja, wa kuitwa na asiyejua kusoma, wala hakumruhusu kusema mpaka aitwe. Chumba cha mwisho hakikuwa na maswali. Kilikuwa na meza, ndoo nyeupe yenye mstari kwa ndani ambayo aliikuta stoo ya ofisi, chupa ya dawa, kitambaa cha kuchujia, na saa. Ukutani palikuwa na maneno machache: Weka dawa kwenye maji yako. Ukikosea kengele ililia, na badala ya lile neno la Hitimu la "Si sahihi, jaribu tena", kilishuka kibao kidogo kinachokueleza kosa lenyewe. Maji yana tope, yachuje kwanza. Au: Kifuniko kimoja cha dawa kinatosha, ukizidisha maji yatakuwa machungu. Akaweka tarehe juu ya mlango, akazifunga zile nyumba nne kwa misumari, na akamwambia Sengondo kwamba somo hilo hata kwao lingepewa zawadi. Alijisifu, hilo nisilifiche.

Na watu wakaja. Walitoka Mtope asubuhi, wakaingia, na adhuhuri walikuwa wameshamaliza. Wengine walicheka walipoona mlango unafunguka bila kungoja mtu. Nje ya ofisi kulikuwa na ubao mweusi ambapo karani aliandika hesabu ya kila somo, na ile ya Siwema ilipanda kumi, thelathini, sitini na tano. Siku moja kabla ya lango kufunguliwa, ubao ulionyesha tisini na tisa, na Siwema alikuwa ameshafunga begi. Hapo ndipo Sengondo alipokuja akikuna kichwa.

"Kuna bibi mmoja anatugomea."

Bibi huyo aliitwa Nyanzobe, mtunza maji wa kitongoji cha mwisho kabisa bondeni. Ilikuwa mara yake ya nne kuingia. Siwema alimkuta chumba cha mwisho, amekaa kwenye kigoda alichokuja nacho kutoka kwake, amekunja uso.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye nyumba hii?"

"Ndiye mimi. Naomba nikuone ukifanya, kama hutojali."

Bi Nyanzobe akainuka. Alichuja maji vizuri kuliko yeyote ambaye Siwema alikuwa amemwona, kitambaa amekikunja mara nne. Akafungua chupa. Akapima kifuniko kimoja akamimina, cha pili akamimina, cha tatu akamimina. Kengele ya kosa ikalia, kibao kikashuka kumwambia kimoja kinatosha. Alikitazama kwa dharau akarudi kwenye kigoda chake.

"Bibi," alisema Sengondo kwa upole, "weka kimoja tu, umalize, ukapumzike."

"Nimeweka kimoja miezi mingapi? Kimoja kwenye mtungi wangu ni sawa na kutotia kitu."

"Lakini hii ni ndoo, bibi," Siwema alisema.

"Naiona. Wewe umeandika pale ukutani niweke dawa kwenye maji yangu. Maji yangu hayako kwenye ndoo. Kule kwetu hakuna ndoo, wote tuna mitungi. Nilianza na kimoja, wajukuu wakaharisha. Vikawa viwili, wakaharisha kidogo. Tangu nimeweka vitatu, sijachimba kaburi la mtoto. Sasa nyumba yako inanipigia kengele."

Siwema aliichukua ile ndoo nyeupe, akaishika mkononi, akamwomba Bi Nyanzobe wafuatane kwenda Mtope. Ulikuwa mwendo wa saa moja, na katika wiki zote tatu alikuwa hajawahi kuutembea. Ndoo ilikuwepo stoo, jua lilikuwa kali, na maji ni maji. Njia nzima alikuwa akijiambia hivyo, na kila alipojiambia aliona haya zaidi.

Kitongoji cha kwanza walichofikia kilikuwa na mtungi mkubwa wa udongo umesimama chini ya paa la makuti, na juu yake kilining'inizwa cheti. Mtunza maji, mwanamke wa rika la Mwasiti, alimtambua Siwema akafurahi. Akamwonyesha anavyofanya. Alichuja, akapima kifuniko kimoja kwa uangalifu mkubwa, jicho likiwa usawa wa kifuniko kama alivyofundishwa, akamimina kwenye mtungi, akaanza kuhesabu nusu saa.

"Na watu wanaendeleaje tangu uhitimu?" Siwema aliuliza.

"Matumbo ni yale yale, mama. Ila sasa tuna cheti kipya."

"Ukiambiwa uweke vifuniko vitatu?"

Yule mwanamke alitabasamu kwa adabu. "Somo limesema kimoja. Siku somo likisema vitatu, nitaweka vitatu."

Ndani ya nyumba, kwenye mkeka, alilala mtoto wa miaka kama mitatu. Macho yalikuwa yameingia ndani na hakugeuka walipoingia. Siwema alimwangalia kwa muda mfupi, kwa sababu muda mrefu asingeuweza. Kisha akatoka, akakuta mtungi mwingine mtupu wa ukubwa ule ule, akaanza kuujaza kwa ndoo ya ofisi mbele ya watu. Ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, ndipo maji yakafika mdomoni. Bi Nyanzobe alikuwa amesimama pembeni, vidole vitatu amevinyoosha.

Basi mambo yalikuwa hivyo. Waliohitimu tisini na tisa walikuwa wanakosea sawasawa na walivyofundishwa, na aliyeshindwa mara nne ndiye pekee aliyekuwa anajua kazi yake. Siwema aliyacheka ya Hitimu wiki tatu, herufi zao, milango yao, kamati zao, na yeye mwenyewe alikuwa amejenga nyumba nzuri kwa ajili ya ndoo ambayo hakuna mtu wa Mtope aliyekuwa nayo nyumbani.

Alirudi mjini mchana, akaenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi. Bwana Kachenje alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa na tabia hiyo nzuri.

"Unataka kulifungua somo," alisema.

"Nataka kuingiza mtungi na kubadilisha vibao. Ni kazi ya siku moja."

"Kazi ni ya siku moja. Lakini somo likifunguliwa, wahitimu wake wote wanafutwa na hesabu inaanza upya. Ni sheria. Na lango ni kesho saa sita."

"Sengondo hawezi kulifungua nikishaondoka?"

"Somo hufunguliwa na aliyelijenga. Mwingine huomba kwa Baraza." Akavua miwani akaipangusa. "Nawe Baraza unalijua."

Mkurugenzi akasogeza kiti karibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemtakia mwenzake mema kweli.

"Bi Siwema, nina habari za binti yako, Sengondo amenieleza. Mwambie yule bibi aweke kifuniko kimoja. Mara moja tu, hapa kwetu, kwenye ndoo. Kule kwake ataweka anavyotaka, hakuna atakayemfuata. Karani ataandika mia, na mjukuu wako atazaliwa ukiwepo."

"Na wale wengine?"

"Wameshahitimu."

"Wanaumwa, Mheshimiwa."

"Wagonjwa wako chini ya ofisi nyingine. Sisi hapa hatupimi maji. Tunapima kuhitimu."

Ubaya wa maneno yale ni kwamba yalikuwa rahisi. Siwema alijiona yuko njiani, anashuka Morogoro, anabisha hodi, Mwasiti anamjibu. Alikaa na picha hiyo hadi chai aliyoletewa ikapoa. Alimtaka binti yake, na angetoa chochote cha kwake ili awahi. Lakini mtoto wa kwenye mkeka hakuwa cha kwake. Akainuka, akamshukuru Bwana Kachenje kwa chai, akamwomba karatasi ya kufungulia somo.

Mkurugenzi alitia saini bila kinyongo. "Sijapata kuona mtu akiomba hii," alisema.

Asubuhi yake, wanaume wawili walibeba mtungi kutoka bondeni, Bi Nyanzobe akitembea nyuma yao na kuwakaripia kila walipoutikisa. Sengondo alikuwa ameshafungua ukuta wa chumba cha mwisho. Kwa kuwa kamba zote zilikuwa na majina, hakupoteza muda kutafuta. Walimketisha bibi, wakamuuliza mambo ambayo Siwema alipaswa kuyauliza wiki tatu nyuma: wanachotea nini, nani anajaza, mtungi ukiwa nusu wanafanyaje. Bibi alijibu yote kama mtu anayechoshwa na watoto. Wakaandika vibao vipya, cha mtungi uliojaa na cha mtungi wa nusu.

Walipokuwa wakisubiri gundi ikauke, kelele za msafara wa wanaotoka nchini zilisikika kutoka upande wa lango. Siwema alisimama na brashi mkononi mpaka zikaisha.

"Huo si msafara wako?" Bi Nyanzobe aliuliza.

"Ulikuwa wangu. Binti yangu anajifungua wiki hii."

"Atazaa hata usipokuwepo, mwanangu."

"Najua, bibi," alisema Siwema. "Ndilo linaloniuma." Akalia, wala hakuona aibu, na Sengondo akapata kazi ya kufanya upande wa pili wa ukuta.

Alasiri nyumba ikafunguliwa. Bi Nyanzobe aliingia wa kwanza na kigoda chake. Alichuja, akapima vitatu, akamimina, akakaa kungoja nusu saa huku akisinzia. Kibao kilichoshuka safari hii kilisema maji yako tayari. Alichota kikombe, akanywa, akachota kingine akampa Siwema, naye akanywa chote.

Nje, karani alichukua kitambaa, akafuta tisini na tisa iliyokuwa mbele ya somo la Mtope. Akasubiri vumbi la chaki litulie, halafu akaandika moja.